Maji ya Rangi ya Chai

Nyanya alikuwa akichota maji ya mto, mekundu kama chai ya rangi. Anayachuja kwa leso, anatia matone ya dawa ya maji, anangoja nusu saa, ndipo tunakunywa. Bado matumbo yalituuma. "Hii rangi inakula dawa," alisema. Mimi nilidhani ni maneno ya wazee tu.

Kumbe rangi hiyo ina historia. Mwaka 1786, mkemia Mjerumani Franz Karl Achard alichukua udongo mweusi wa kinamasi, akautia alkali. Ulitoa maji meusi. Alipoongeza asidi, weusi ukatuama chini. Huo ndio mwanzo wa kuichunguza mboji kikemia. Katika karne iliyofuata, Jöns Jacob Berzelius aligeukia maji ya chemchemi ya Porla, kwao Uswidi. Alichopata humo kilikuwa cha manjano, si cheusi. Akakiita asidi ya kreniki, kutokana na neno la Kigiriki la chemchemi.

Jani ni lilelile lililooza. Mbona lina sura mbili? Hebu fikiria chujio la chai. Molekuli kubwa za mboji hung'ang'ania mfinyanzi na chuma, zikabaki shambani kama majani kwenye chujio. Mvua hubeba zile ndogo, nyepesi kuyeyuka, zenye asidi nyingi na nitrojeni kidogo. Njiani jua na bakteria huzikatakata tena. Ndiyo maana leso ya Nyanya ilishika tope, lakini rangi ikapita.

Na iliyopita si ya kupuuzwa. Klorini ikikutana nayo huishia hapo, na vijidudu vinabaki vizima. Tena mwaka 1974, huko Rotterdam, mkemia Johannes Rook alionyesha kwamba klorini na vitu hivi vya asili huzaa klorofomu ndani ya maji ya kunywa. Tangu hapo wenye mitambo ya maji walizidi kuhangaika kuiondoa rangi kwanza, kwa mfano kwa shabu, kabla ya kutia dawa.

Nyanya hakuwahi kusikia habari za Porla wala Rotterdam. Lakini alijua kwamba weusi unaonenepesha mahindi yake si ule anaotupikia chai. Mimi nilihitaji miaka ya shule kumwelewa, na sikuwahi kumwambia kwamba alikuwa sahihi.