Muziki Uliokatwa kwa Wembe

Watunzi wa michezo ya redio nchini Uingereza walikuwa wakiiomba BBC sauti za ndoto, za homa na za mtu anayerukwa na akili, na okestra haikuweza kuwapa. Aliyewasikia mapema kuliko wakubwa wake ni Daphne Oram, fundi aliyeajiriwa mwaka 1943, wakati wa vita. Alidai kwa miaka mingi pafunguliwe karakana ya sauti za namna hiyo. Mwaka 1958 ikafunguliwa, katika studio za Maida Vale, London, yeye na Desmond Briscoe wakiwa waanzilishi wake. Iliitwa Radiophonic Workshop. Haukupita mwaka, Oram akaondoka kwenda kujenga mtambo wake mwenyewe huko Kent.

Mwaka 1962 akaingia Delia Derbyshire, mzaliwa wa Coventry, mji ulioteketezwa kwa mabomu angali mtoto. Mlio wa ving'ora vya hatari ulimkaa masikioni maisha yake yote. Alikuwa amesoma hisabati na muziki Cambridge, kisha akaomba kazi katika kampuni ya santuri ya Decca, akajibiwa kwamba studio zao za kurekodi hazichukui wanawake. Hasara ilikuwa yao.

Mwaka 1963 alikabidhiwa karatasi ya Ron Grainer, Mwaustralia aliyetunga muziki wa kufungulia mchezo mpya wa televisheni, Doctor Who. Pamoja na noti, Grainer alikuwa ameandika maneno kama mawingu na viputo vya upepo. Sinthesaiza za kununua dukani hazikuwepo bado. Derbyshire alidonoa uzi mmoja, akaurekodi, kisha akaubadilisha mwendo wa utepe, haraka kwa noti ya juu, polepole kwa noti ya chini, mpaka uzi ule mmoja ukawa besi nzima. Melodi aliitoa katika mashine ambazo mafundi walizitumia kupimia mitambo.

Kila noti ilikuwa kipande cha utepe. Utepe ukipita inchi 15 kwa sekunde, noti ya nusu sekunde ni inchi saba na nusu: unaipima kwa rula, unaikata kwa wembe, unaiunga na mwenzake kwa utepe wa gundi. Hapakuwa na kinasa sauti kimoja cha kurekodi sauti nyingi sambamba. Vinasa sauti viliwashwa kwa mpigo mmoja, na kikichelewa kimoja kazi inaanza upya. Msaidizi wake, Dick Mills, alisimulia jinsi walivyozitandaza tepe kwenye korido ndefu ya jengo, wakikagua maungio mpaka wakaikuta noti iliyokuwa na kosa.

Chombo cha kusafiria cha Daktari, mhusika mkuu wa mchezo huo, nacho kilihitaji mngurumo. Brian Hodgson, mwenzake Derbyshire katika karakana, alichukua ufunguo wa mlango wa mama yake, akaukwaruza kwenye nyuzi nene za piano kuukuu.

Mchezo ulianza kurushwa tarehe 23 Novemba 1963. Grainer alipousikia muziki wake alistaajabu, akataka Derbyshire atambuliwe kuwa mtunzi mwenza na kugawana naye malipo. Taratibu za BBC zilikataa: watu wa karakana hawakutajwa majina, ilitajwa idara tu. Nadhani dhuluma hiyo ilimgharimu Derbyshire zaidi kuliko mishahara yote aliyolipwa. Aliacha kazi mwaka 1973, akafariki 2001. Karakana ilikuwa imeshafungwa mwaka 1998. Jina la Derbyshire liliandikwa kwenye skrini ya Doctor Who kwa mara ya kwanza Novemba 2013, katika kipindi cha kuadhimisha miaka 50.