Karatasi ya Banda la Kuku

 

Kikundi chetu kina vijana wa Jinja na vijana wa Mbale. Wale wa Mbale walipewa karatasi moja kwenye mafunzo: ramani ya banda la kuku mia. Karatasi safi kabisa, vipimo vyote kwa milimita, orodha ya mbao, misumari na mabati pembeni. Tukatoa akiba yote ya kikundi. Mama mmoja wa Namatala akatukubalia kona ya kiwanja chake. Tulifuata karatasi neno kwa neno.

Mvua kubwa ya kwanza ikaingia kwa chini. Maranda yakalowa, vifaranga wakaanza kukohoa, na ndani ya siku nne tukazika thelathini na mmoja. Mama hakutugombeza. Alisema tu, "Wanangu, hapa ni bondeni. Hata ghala la babu yangu lilikuwa na miguu."

Hapo ndipo tulipoanza kuulizana: hizi karatasi zinatoka wapi? Nani alianza kuchorea watu namna ya kujenga vitu vyao wenyewe? Tukauliza wazee, tukasoma tulichopata. Tumeandika tulichokiona.

Zamani huku mashariki mwa Uganda ramani haikuwa karatasi. Kwenye miteremko ya mlima Elgon na huku Busoga nyumba ilikuwa fito, matope na nyasi, na vipimo vilikuwa hatua za mguu na urefu wa mkono. Ghala la nafaka lilisukwa kama kikapu kikubwa, likakaa juu ya nguzo au mawe, na paa lake la nyasi liliinuliwa kama kifuniko cha chungu. Huyo babu wa mama yetu wa Namatala hakuhudhuria semina yoyote. Alijua maji yanapita wapi na panya anapandia wapi, basi.

Karatasi ilianza na mji. Mbale ilianzishwa miaka ya mwanzo ya 1900 na Semei Kakungulu, kamanda Mganda aliyekuja mashariki na jeshi lake, akachora barabara na kupanda miti pembeni. Jinja ilipanuka sana wakati wa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954 na Malkia Elizabeth. Wafanyakazi walitoka mbali, wengine ng'ambo ya mpaka wa Kenya, na kwa ajili ya watu kama hao serikali ilijenga mtaa wa Walukuba: nyumba ndogo ndogo kwa mistari, zilizochorwa ofisini. Miaka hiyohiyo kiwanda cha saruji cha Tororo kikaanza kazi. Tangu hapo, ukisema "nyumba ya kudumu" watu wanaelewa saruji, na ukisema matope wanaelewa umaskini. Hiyo fikra ndiyo tunayoishi nayo mpaka leo, hata kwetu vijana.

Kuna mtu mmoja tuliyemkuta njiani ambaye hatukumtarajia. Anaitwa Ernst May, msanifu majengo Mjerumani. Kati ya 1925 na 1930 alijenga maelfu ya nyumba za wafanyakazi Frankfurt. Akaenda Urusi ya Kisovieti kufanya kazi. Alipotaka kutoka huko, Wanazi walikuwa wameshika nchi yake na hakuweza kurudi. Mwaka 1934 akaja Tanganyika, akanunua shamba karibu na Arusha, akawa mkulima. Vita ilipoanza Waingereza walimfunga kwa sababu ni Mjerumani. Yaani mkimbizi, kisha mfungwa, jamani. Alipoachiliwa akapewa kazi ya kupanga upanuzi wa Kampala, na katika miaka hiyo ya 1940 akabuni nyumba ya vipande vya zege vinavyoning'inizwa kwenye fremu, umbo lake limepinda kama kibanda cha Kiafrika. Wazo lilikuwa kwamba mtu asiye fundi aweze kuiunganisha. Ni ramani ya jijengee mwenyewe kabisa! Lakini haikuenea. Sisi tunaona sababu ni rahisi: kipande kikivunjika, mwenye nyumba hawezi kukitengeneza nyuma ya jikoni. Lazima arudi kiwandani. May alijua ukimbizi, ila hata yeye aliwachorea watu bila kuwapa kalamu.

Miaka ya 1980 ikaja karatasi ya aina nyingine. FAO pamoja na shirika la misaada la Sweden walikuwa na mradi wa majengo ya vijijini Afrika Mashariki na Kusini-Mashariki, na kutokana nao kikatoka kitabu kinene kuhusu majengo ya shamba kwenye nchi za joto. Mabanda, vyoo, maghala, matangi, vyote vimo. Tunakisifu kwa jambo moja: kinaeleza kwa nini. Chukua ghala la mahindi la kukaushia magunzi. Linatakiwa liwe jembamba na ubavu wake mrefu utazame upepo, ili upepo upite katikati. Mahali penye unyevu mwingi, upana usizidi sana sentimita 60. Mahali pakavu unaweza kwenda mpaka mita moja na nusu. Sakafu iinuliwe karibu mita moja kutoka chini, na kila mguu uvalishwe kofia ya bati panya asipande. Ukielewa hivyo unaweza kubadilisha vipimo mwenyewe. Karatasi yetu ya kuku ilitoa jibu bila swali. Kama ingesema tu "inua sakafu kulingana na maji ya mahali pako", wale vifaranga wangeishi.

Sasa tuje kwenye udongo, maana hapa Jinja ndipo tulipojifunza zaidi. Miaka ya 1950, Bogotá huko Kolombia, mhandisi Raúl Ramírez alitengeneza mashine ndogo ya mkono ya kubana udongo uliochanganywa na saruji kidogo uwe tofali. Haihitaji moto. Wazo hilo likazunguka dunia. Uganda, Dkt. Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere akaliendeleza: tofali linaloshikana na mwenzake, na lingine lililopinda la kujengea matangi ya maji ya mvua. Hapa Jinja shirika la HYT limefundisha vijana ufundi huu na kujenga madarasa ya shule kwa tofali hizo. Ukipita vijijini Busoga utaona pia tanuri za tofali za kuchoma zikitoa moshi, na miti inayoingia humo. Sisi tuliotoka makambini tunajua kutafuta kuni ni nini, hasa dada zetu.

Mzee fundi mmoja wa Walukuba alitufundisha kupima udongo kwa kisanduku cha mbao, urefu sentimita 60, upana 4, kina 4. Unajaza udongo wenye unyevu, unauacha ukauke, unausukuma upande mmoja, kisha unapima pengo. Pengo likiwa chini ya milimita 15, sehemu moja ya saruji kwa 18 za udongo inatosha. Likifika kati ya 45 na 60, ni moja kwa 12. Tofali zikitoka kwenye mashine, zifunike na uzimwagilie. Usiwe na haraka, zipe wiki nne. Tuliharibu kundi zima la kwanza kwa kuziacha juani. Mzee alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini kuna swali ambalo kisanduku hakijibu. Machi 2010 mlima uliporomoka Nametsi, Bududa, juu ya Mbale, ukafukia watu wengi. Serikali ikahamishia familia kadhaa Kiryandongo, ambako tayari walikuwapo wakimbizi kutoka Sudan, na Wakenya waliokimbia ghasia za uchaguzi wa 2007, ambao kwanza walipitia Mulanda, Tororo. Raia na wakimbizi, wote wakapimiwa viwanja na wageni. Baadhi ya watu wa Bududa walirudi mlimani, kwenye hatari, kwa sababu kule ndiko kulikuwa na ardhi yao. Halafu usiku wa tarehe 30 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ikafurika ndani ya Mbale, na zaidi ya watu ishirini walikufa. Kwa hiyo "kudumu" ni neno gumu hata kwa mwenyeji.

Na sisi je? Kiwanja cha makazi ya wakimbizi tunapewa kutumia, si kumiliki. Mjini tunapanga. Ukijenga kwa saruji kwenye ardhi ya mtu, siku ukiondoka umemjengea yeye. Tulibishana jambo hili wiki mbili, na wengine walitaka tuache kabisa kujenga.

Banda jipya la Namatala tumelijenga hivi: tuta la udongo na mawe, urefu wa goti, tukilishindilia kila tabaka. Juu yake ukuta mfupi wa tofali za kushikana, safu tano, bila saruji katikati. Juu ya hapo wavu na nguzo, na mabati yamefungwa kwa waya, hayakupigiliwa misumari. Tukiambiwa tuhame, ni siku moja ya kulibomoa na lori dogo la kulibeba. Tumeandikiana na mama: tofali, wavu na mabati ni vya kikundi, tuta ni lake. Mzee wa Walukuba alipoona picha akasema ghala la zamani nalo watu walilibeba begani.

Tumechora karatasi yetu kwa penseli. Upande wa nyuma tumeacha nafasi tatu tupu: pengo la kisanduku, maji yalifika wapi mwaka uliopita, na nani mwenye ardhi. Anayetaka nakala atuandikie hapa chini, ila atujazie kwanza hizo tatu za kwake.