Mtoto Aliyelizidi Darasa

Mwalimu akikupigia simu kukuambia kwamba mtoto wako amelizidi darasa, na kwamba wanafikiria kumrusha mwaka mmoja mbele, vitu viwili vinakupanda kwa pamoja. Kwanza furaha: kabla hujakata simu unawaza utamwambia nani. Halafu hofu. Atakaa na watoto waliomzidi kimo. Watamcheka. Akishindwa je? Na ukikataa, utakuwa umemfungia mlango kwa uoga wako mwenyewe?

Wazazi wa Nyanza wana historia ndefu na swali hili, na sehemu kubwa ya historia hiyo inapita Maseno, pale barabara ya Kisumu kwenda Busia inapovuka ikweta. Wamisionari wa CMS walianzisha shule hapo mwaka 1906. Miaka miwili baadaye wanafunzi waligoma. Walikuwa wamechoshwa na kazi za mikono, walitaka kusoma na kuandika. Yaani haraka ya kwenda mbele haikuanza na wazazi wa siku hizi wala na vikundi vyao vya WhatsApp.

Ila siku hizo ungemuuliza mzazi kuhusu kuruka darasa, asingekuelewa sana. Kuruka kutoka wapi? Watoto wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Mmoja aliletwa shuleni akiwa mdogo, mwingine alikuja baada ya kuchunga ng'ombe mpaka sauti ikawa nzito, na wote wawili walikaa benchi moja. Jaramogi Oginga Odinga, aliyepita Maseno kabla ya Alliance na Makerere, alikadiria mwenyewe kwamba alizaliwa mwaka 1911. Leo mtoto ana namba kwenye mfumo wa serikali, na umri wake na gredi yake vinatarajiwa kutembea bega kwa bega. Zamani darasa lilipimwa kwa kile ulichokijua.

Kilichowanyima wazazi usingizi enzi hizo kilikuwa chujio. Miaka ya mwisho ya ukoloni kulikuwa na mtihani baada ya mwaka wa nne, na mwingine baada ya mwaka wa nane. Nafasi za juu zilikuwa chache, na wengi walirudi nyumbani. Mtoto mwenye akili alikuwa tegemeo la boma zima, na fahari ya baba ilikuwa na hesabu ndani yake.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Mzee Hussein Onyango Obama wa Kogelo, Alego. Onyango alikuwa mpishi wa Wazungu, mtu wa nidhamu kali. Alikuwa amewatazama waajiri wake kwa karibu, akaamua kwamba nguvu zao zimo kwenye elimu, na kwamba mwanawe ataipata elimu hiyo hiyo. Mwana mwenyewe ni Barack, baba yake rais wa 44 wa Marekani. Alizaliwa mwaka 1934 au 1936, inategemea umeshika karatasi gani.

Mama yake mzazi, Akumu, alipoondoka, Barack alilelewa na Mama Sarah, mke mwingine wa Onyango. Ndiye aliyemsimulia mjukuu wake maisha hayo, naye akayaweka katika kitabu chake cha 1995, Dreams from My Father. Kwa masimulizi hayo, shule ya karibu Barack aliikataa siku ya kwanza tu: mwalimu ni msichana, na anayofundisha anayajua tayari. Iliyofuata ilikuwa umbali wa maili sita hivi, na Mama Sarah akawa anampeleka kila asubuhi. Huko nako kijana akawa anamsahihisha mwalimu mbele ya darasa zima. Alichapwa, na hakunyamaza. Alipokua akawa anakosa shule wiki nzima nzima kwa kuchoshwa. Siku chache kabla ya mtihani alimtafuta mwanafunzi mwenzake, akasoma yote yaliyofundishwa, na matokeo yakitoka, namba moja ni yeye. Mara chache alizokosa nafasi hiyo, alimjia Mama Sarah akilia.

Machozi hayo yananisumbua kuliko viboko. Ni ya mtoto ambaye kila mtu amemfundisha kwamba thamani yake iko kwenye namba moja, na hakuna aliyemfundisha kuwa namba mbili. Darasa lilipokuwa rahisi mno, hakujifunza subira wala kuhangaika na jambo gumu. Alijifunza kwamba sheria za shule ni za watoto wengine.

Miaka ya mwanzo ya 1950 aliingia Maseno, na unaweza kuwazia fahari ya Mzee. Masomo hayakumshinda. Nidhamu ndiyo ilimshinda, na shule ikamfukuza. Onyango alimpiga kwa fimbo hadi mgongo ukatoka damu, kisha akamtuma Mombasa akajifunze maana ya kujitafutia riziki. Fahari ile ile iliyomsukuma mtoto mbele ndiyo iliyoshika fimbo.

Akili haikupotea. Akiwa karani Nairobi alijisomea kwa njia ya posta, akasaidiwa na Elizabeth Mooney, mwalimu Mmarekani, na mwaka 1959 akasafiri kwenda Chuo Kikuu cha Hawaii. Huko hatimaye aliruka kweli: shahada ya miaka minne aliimaliza kwa mitatu, mwaka 1962. Akaenda Harvard, akaondoka mwaka 1964 bila udaktari aliokuwa akiutafuta. Nyumbani alifanya kazi kama mwanauchumi, akaikosoa sera ya serikali hadharani mwaka 1965, na miaka iliyofuata ikawa migumu kazini na chupani. Alifariki katika ajali ya gari Nairobi, Novemba 1982.

Sisemi kasi ndiyo iliyomwangusha. Siasa za Kenya ziliwaangusha wengi waliosoma polepole. Na utafiti hauungi mkono hofu zetu zote: ripoti iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Iowa mwaka 2004, iliyokusanya tafiti za miaka mingi, ilisema kwamba kwa jumla watoto wenye vipaji wanaosogezwa mbele hufanya vizuri masomoni, na hawaumii kijamii kama wazazi wanavyodhani. Kumwacha mtoto asinzie kwenye darasa alilolizidi nako kuna gharama. Kogelo inatuonyesha gharama hiyo.

Ninachokiona kwenye hadithi hii ni wazazi wawili. Mmoja alijivuna, akadai matokeo. Mwingine hakuwahi kukaa darasani, lakini ndiye aliyeamka alfajiri kumpeleka mtoto, na ndiye mtoto aliyemkimbilia aliposhindwa. Miaka mingi baadaye, Mama Sarah alijulikana kwa kuwasomesha mayatima, hadi alipofariki Machi 2021.

Kwa hiyo mwalimu akipiga simu, furahi, ni haki yako. Kisha muulize maswali ya kawaida kabisa. Nani atakaa naye wakati wa chakula cha mchana? Mwalimu mpya anajua kwamba anakuja? Akipata alama mbaya muhula wa kwanza, mtampa muda gani? Anaweza kurudi nyuma bila kuaibishwa? Halafu muulize mtoto, na umsikilize bila kumjibia. Kisha jiulize wewe: jioni atakapofika nyumbani akiwa namba kumi na mbili, analia, ni nani nyumbani atakayeweza kumkimbilia?