Zikri ya Bagamoyo

Mji wa Bagamoyo, ambao katika karne ya 19 ulikuwa ndio mwisho wa njia ya misafara itokayo Ujiji na Unyanyembe, ulipokea pembe za ndovu pamoja na wale waliozichukua mabegani. Na katika mafungu ya watu hao aliletwa mtoto mmoja kutoka Manyema, nchi iliyoko Kongo, akawa mtwana katika nyumba ya akina Lamki, hana baba wala mjomba wa kumtetea, na hana nasaba ya kutajwa mbele za waungwana. Mtoto huyo ndiye Yahya bin Abdallah, aliyekuja kujulikana Mrima nzima kwa jina la Sheikh Ramiya. Aliuza samaki, akadunduliza mpaka akanunua mashamba ya minazi, akaketi mbele ya masheikh kudurusu, na mwanzoni mwa karne ya 20 akawa khalifa wa tarika ya Kadiriya.

Mji wenyewe ulikuwa taabani: vita vya Abushiri vya 1888 na 1889 viliukumba, makao ya serikali ya Wadachi yakahamia Dar es Salaam mwaka 1891, kisha reli iliyoanza kujengwa huko mwaka 1905 ikaimaliza misafara.

Katika dhiki hiyo watu wa tarika ya Sheikh Ramiya walisimama duara kwa zikri, wameshikana mikono, wakiinama na kuinuka pamoja, na jina la Mola likiwatoka vifuani kwa pumzi nzito kama msumeno upasuao gogo. Wala hapakuwa na aliyeulizwa ukoo kabla ya kupewa mkono. Wako wasemao kwamba nyiradi ziliwatuliza wanyonge wasidai haki yao. Rai hiyo naiona nyepesi, kwani aliyeng'olewa kwao, ijapokuwa zikri haikumrudishia jamaa zake, iliingiza jina lake katika silsila ya masheikh ipandayo hadi kwa Sayyid Abdulkadir Jilani wa Baghdad, akapata wazee wa kuwataja katika dua, na, jambo ambalo mgeni asiye na kwao huliwaza sana, akapata watu wa kumzika.

Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 walimfanya Sheikh Ramiya liwali, na waungwana wakapeleka mashauri yao kwa mtu aliyekuwa mtwana, hali sheria ya kuufuta utumwa Tanganyika haikutoka hadi mwaka 1922. Alifariki mwaka 1931, na ukhalifa ukashikwa na mwanawe, Sheikh Muhammad.