Datsun 240Z: Gari lililotawala Safari Rally lakaribia kutimiza miaka 60

KATIKA mji mdogo wa Kiritiri, makao ya eneo la Mbeere Kusini katika Kaunti ya Embu, magari yanayotawala barabara leo ni Probox, pikipiki za bodaboda na pikapu zinazosafirisha muguka kwa kasi ili ufike sokoni ungali mbichi. Ni vigumu kuona hapo gari la michezo lenye viti viwili.

Hata hivyo, jina la mojawapo ya magari ya michezo mashuhuri zaidi duniani lilijengwa katika vumbi na matope ya Afrika Mashariki, zikiwemo barabara zilizozunguka Mlima Kenya kupitia Embu na Meru. Gari hilo ni Datsun 240Z, lililoshinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1971 na 1973.

Gari hilo lilizinduliwa nchini Japani mwezi Oktoba 1969. Kwa hivyo litatimiza miaka 60 mwaka 2029, na wapenzi wa magari ya kale wameanza kuelekeza macho kwa kampuni ya Nissan, ambayo imekuwa na desturi ya kutoa toleo maalumu kila gari hilo linapofikisha umri wa kusherehekewa.

Swali lililopo si tu iwapo toleo hilo litakuja. Ni historia ipi litakayoienzi: ile ya viwanja vya mbio vya Marekani, au ile ya barabara za Kenya, Uganda na Tanzania?

Chimbuko la gari

Katika miaka ya sitini, magari ya michezo yalikuwa bidhaa ya Ulaya. Yale ya bei nafuu yalikuwa na injini ndogo na sifa ya kuharibika mara kwa mara, ilhali yenye nguvu yaliuzwa kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida hakuimudu.

Yutaka Katayama, aliyeiongoza Nissan nchini Marekani, aliona pengo hilo. Aliwahimiza wakuu wake watengeneze gari la kuvutia, lenye nguvu na imara, ambalo mtu wa kipato cha wastani angeweza kulinunua. Kazi ya umbo iliongozwa na mbunifu Yoshihiko Matsuo.

Nchini Japani gari liliitwa Fairlady Z. Katayama hakuona kuwa jina hilo lingewavutia wanunuzi wa Marekani, akachagua 240Z: tarakimu zikimaanisha ujazo wa injini wa lita 2.4, na herufi ikiwa ile ile ya Japani. Bei yake ya kuanzia nchini Marekani ilikuwa dola 3,526.

Injini yake, iliyojulikana kama L24, ilikuwa na silinda sita katika mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393 na kabureta mbili. Kiwanda kilitangaza nguvu za farasi 151. Magurudumu ya nyuma ndiyo yaliyosukuma gari, breki za mbele zilikuwa za diski na za nyuma za ngoma. Kila gurudumu lilikuwa na springi na shokabu yake, hivyo tairi moja likiangukia shimoni, jingine halikuvutwa nalo. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuja kuwa na thamani kubwa katika barabara za Afrika.

Mtihani wa Afrika Mashariki

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari. Kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, majira ambayo mvua za masika huanza kuzifanya barabara za udongo zisipitike.

Washiriki walienda zaidi ya kilomita 5,000 kwa siku chache, mchana na usiku, katika barabara ambazo hazikufungwa. Malori, mabasi, ng'ombe na waenda kwa miguu waliendelea kuzitumia kama kawaida. Dereva alipewa muda wa kufika kutoka kituo kimoja hadi kingine, na kila dakika aliyochelewa ilihesabiwa kuwa adhabu.

Ukanda wa Mlima Kenya ulikuwa na mitego ya aina yake. Kwenye miteremko ya juu ya Embu na Meru, ambako hulimwa kahawa na majani chai, udongo mwekundu huteleza kama sabuni mvua inaponyesha, na barabara hupinda kila inapokutana na mto unaotoka mlimani. Ukiteremka kuelekea Mbeere na Tharaka, mambo hugeuka. Kuna joto, vumbi, mawe na mito ya msimu ambayo huweza kuwa mchanga mkavu asubuhi na mafuriko jioni.

Kiritiri iko katika ukanda huo wa chini, kwenye barabara inayotoka mji wa Embu kuelekea mabwawa ya umeme ya Mto Tana. Enzi za 240Z ndizo zilizobadilisha sura ya eneo hilo: bwawa la Kindaruma lilianza kuzalisha umeme mwaka 1968, na la Kamburu likafuata mwaka 1974.

Nissan haikuwa ngeni katika mashindano hayo. Mwaka 1970, Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa mkazi wa Kenya, alishinda pamoja na mwelekezi wake Hans Schüller wakitumia Datsun 1600 SSS, gari la kawaida la milango minne. Mwaka uliofuata kampuni ilileta 240Z.

Magari hayo yaliimarishwa mwili, yakainuliwa, yakaongezewa taa na tangi kubwa la mafuta, na injini zikaongezwa nguvu hadi kupita farasi 200. Yalipakwa rangi nyekundu na boneti nyeusi isiyong'aa, ili mwanga wa jua usimrudie dereva machoni.

Herrmann na Schüller walishinda tena mwaka 1971, wakiwa na gari nambari 11. Nafasi ya pili ilienda kwa Shekhar Mehta na Mike Doughty, nao pia katika 240Z. Rauno Aaltonen wa Ufini akamaliza wa saba katika gari la tatu la aina hiyo.

Mwaka 1972 ushindi ulienda kwa Hannu Mikkola na Gunnar Palm katika Ford Escort, na kwa mara ya kwanza dereva kutoka ng'ambo akavunja mwiko wa Safari kushindwa na wenyeji peke yao.

Ushindi wa 1973

Mashindano ya 1973 yalikuwa na uzito wa ziada, kwani huo ndio mwaka ubingwa wa dunia wa mbio za magari ulipoanzishwa, na Safari ikawa miongoni mwa mashindano yake.

Mehta alikuwa na sababu zake pia. Alizaliwa Uganda, na familia yake ilikuwa miongoni mwa jamii ya Waasia waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Akahamia Kenya na kuendelea na mbio.

Akiwa na mwelekezi Lofty Drews katika 240Z nambari 1, alimaliza akiwa na alama za adhabu sawa kabisa na Harry Källström wa Uswidi, aliyeendesha Datsun 1800 SSS. Baada ya maelfu ya kilomita, hapakuwa na dakika hata moja ya kuwatenganisha. Kanuni ikatazama ni nani aliyeenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza, na Mehta akatangazwa mshindi.

Alishinda tena kwa miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, akitumia magari ya kampuni hiyo hiyo, na kufikisha mataji matano. Alifariki jijini London mwaka 2006.

Ushindi huo uliiuzia Nissan magari mengi ya kawaida kuliko ya michezo. Mnunuzi wa Embu au Meru hakuhitaji gari la viti viwili. Alihitaji pikapu ya kubebea kahawa, mbolea na mbuzi, na alikuwa ameona kwa macho yake ni magari gani yaliyorudi mzima kutoka kwenye matope. Miaka ya baadaye jina la kampuni hiyo lilizoeleka mno Kenya hata matatu ya abiria 14 ikawa inaitwa "nissan" bila kujali iliundwa na nani.

Kutambua matoleo ya mwanzo

Kadiri maadhimisho yanavyokaribia, bei ya magari ya miaka ya mwanzo huvutia walanguzi, na si kila gari linalotangazwa kuwa la 1970 huwa la mwaka huo. Zipo alama kadhaa zinazomsaidia mnunuzi.

Magari ya kwanza kabisa, yaliyoundwa kuanzia mwishoni mwa 1969 hadi mapema 1971, yana matundu mawili ya hewa kwenye mlango wa nyuma, chini ya kioo. Kwenye nguzo iliyo nyuma ya dirisha la pembeni huandikwa "240Z". Baada ya hapo matundu yaliondolewa mlangoni, na tundu la hewa likahamishiwa kwenye nguzo hiyo likiwa na nembo ya duara yenye herufi Z.

Magari yaliyouzwa Marekani mwaka 1973 yalibadilishwa kabureta ili kutimiza sheria za kupunguza moshi. Kabureta hizo zililalamikiwa kwa usumbufu wakati wa joto, na wamiliki wengi walizing'oa na kurudisha za zamani.

Nambari ya chesisi nayo husema mengi. Inayoanza na HLS30 ni ya gari lenye usukani kushoto, na HS30 ni ya usukani kulia. Tofauti hiyo si ndogo kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ambako magari huendeshwa upande wa kushoto wa barabara.

Adui mkubwa wa magari haya ni kutu. Hushambulia sakafu, sehemu iliyo chini ya betri na mihimili inayobeba injini. Rangi mpya inayong'aa inaweza kuficha bati lililooza, hivyo ukaguzi wa chini ya gari ni wa lazima.

Mwaka 1974 injini iliongezwa hadi lita 2.6 na gari likaitwa 260Z. Mwaka 1975 ikaja 280Z kwa soko la Marekani. Hadi uzalishaji wa kizazi hicho cha kwanza ulipokoma mwaka 1978, zaidi ya magari nusu milioni yalikuwa yameuzwa.

Matoleo ya maadhimisho

Toleo la kwanza la maadhimisho lilikuwa la miaka 10, mwaka 1980, kwa gari la 280ZX. Yalitengenezwa magari 3,000: 2,500 ya rangi nyeusi na dhahabu, na 500 ya nyeusi na nyekundu.

Mwaka 2005 lilitoka toleo la miaka 35 la 350Z, na lile la gia za mkono likapewa nguvu za farasi 300. Toleo la miaka 40, katika 370Z ya mwaka 2010, lilikuwa la magari 1,000 kwa soko la Marekani.

Toleo la miaka 50 lilionyeshwa New York mwezi Aprili 2019. Lilikuja kwa rangi mbili, nyeupe yenye nyekundu na fedha yenye nyeusi. Michirizi yake iliigwa kutoka kwa 240Z nambari 46 ya timu ya BRE, ambayo dereva John Morton aliitumia kushinda ubingwa wa kitaifa wa daraja lake nchini Marekani mwaka 1970 na 1971.

Yaani katika mwaka ule ule wa 1971 gari lilishinda pande mbili za dunia, lakini kumbukumbu iliyopewa heshima ni ya upande mmoja.

Dalili ya mabadiliko ilionekana mwaka 2023, Nissan ilipoonyesha jijini Las Vegas gari jipya la Z lililoinuliwa na kupambwa kwa mtindo wa gari la Herrmann. Lakini hilo lilikuwa gari la maonyesho, si la kuuzwa.

Vikwazo kwa mnunuzi wa Kenya

Hata toleo la miaka 60 likija, si rahisi kulifikisha Kiritiri. Kanuni za Kenya hukataza kuingizwa kwa gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na kwa kawaida gari lenye usukani kushoto halikubaliwi. Matoleo mengi ya maadhimisho yalilenga Marekani, ambako usukani huwa kushoto. Anayelitaka hana budi kutafuta lililouzwa Japani au Uingereza, na kulileta kabla dirisha la miaka minane halijafungwa.

Gari lenyewe lililoshinda mwaka 1971 limehifadhiwa na Nissan katika ghala lake la magari ya kihistoria mjini Zama, Japani.

Safari Rally nayo ilirejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, huko Naivasha, baada ya kukosekana tangu 2002. Mashindano ya sasa ni mafupi na hufanyika katika barabara zilizofungwa, mbali na miteremko ya Embu na Meru. Wazee waliosimama kando ya barabara hizo usiku, wakisubiri taa zitokeze gizani, ndio waliobaki na habari ambayo hakuna toleo la maadhimisho lililowahi kuisimulia. Kufikia 2029, waliokuwa na miaka 12 Herrmann aliposhinda katika 240Z watakuwa na miaka 70.