Picha za 1936: mashamba, fuvu na majina

Leo naweka programu kando kidogo, tuzungumze historia.

Kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani kuna hazina mbili za kupakua bure. Ya kwanza ni picha za mashambani Marekani, zilizopigwa kuanzia 1935 chini ya Roy Stryker kuonyesha taabu za wakulima. Ya pili ni ya wapiga picha wa American Colony ya Jerusalem, ambao mwaka 1936 walipita Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Fungua faili kubwa kabisa, uikuze, utazame polepole. Raha tupu!

Ila tahadhari. Mwaka huohuo, huko South Dakota, Arthur Rothstein alipiga picha ya fuvu la ng'ombe kwenye ardhi iliyopasuka kwa ukame. Ikajulikana kwamba alilisogeza fuvu, na wapinzani wa Rais Roosevelt wakapiga kelele. Fuvu lilikuwa la kweli, ukame pia. Lakini picha ya ardhi daima ina mtu aliyechagua asimame wapi na aache nini nje.

Sisi wa Kwanza jambo hili latuhusu. Reli ilifika Kitale 1926, na mashamba ya Trans-Nzoia yalikuwa yametengewa walowezi Wazungu. Picha ya uwanda mpana chini ya Mlima Elgon, bila mtu hata mmoja, humfanya mtazamaji adhani ardhi haikuwa na wenyewe. Waliolima na kuchunga wako nje ya fremu.

Ndiyo maana nasema maelezo ya picha ni data, tena muhimu sawa na picha yenyewe. Dorothea Lange alimpiga picha mama mhamaji California mwaka 1936. Dunia nzima ikaijua sura yake, lakini jina lake, Florence Owens Thompson, likajulikana 1978. Miaka 42! Je, vibarua wa mashamba yetu?

Basi ombi langu: kama kuna picha kuukuu ukutani kwa babu, usiishie kuiskani. Muulize ni nani huyu, shamba gani, mwaka gani. Andika nyuma kwa penseli, kisha uandike kwenye jina la faili. IMG_0042 haitamwambia mjukuu wako chochote, na wazee hawana nakala ya akiba.

Haya, tukutane tena.