Sherehe ya Cannes Iliyovunjwa na Vita

Taja Cannes mbele ya vijana wa mjini, wengi watakupa habari za mastaa, magauni ya kuburuza na zulia jekundu. Hawakosei. Mji huo wa pwani ya kusini ya Ufaransa ni mji wa starehe hasa. Mahoteli kama Carlton na Majestic yanatazama bahari, na barabara ya La Croisette imepangwa mitende utadhani mtu aliichora. Lakini tamasha lake la sinema, lile linalootwa na kila mtengeneza filamu, lilizaliwa katika ugomvi wa zawadi, na mara ya kwanza halikufunguliwa kabisa. Vijana wenzangu, hebu turudi kwenye wiki ile ya mwaka 1939. Sisi tunaopeleka hadithi zetu mashindanoni inatuhusu.

Ugomvi ulianzia Venice, Italia. Huko kulikuwa na tamasha la sinema tangu 1932, na ukishinda huko umeshinda kweli. Sasa mwaka 1938 Mussolini ndiye mwenye nchi, na Hitler ni rafiki yake. Waamuzi wakabanwa. Yalipotangazwa matokeo, Kombe la Mussolini (ndiyo, hata kombe lilikuwa na jina lake!) la filamu ya kigeni likaenda kwa Olympia ya Leni Riefenstahl, Mjerumani, iliyohusu Olimpiki ya Berlin ya 1936. Lile la filamu ya nyumbani likaenda kwa Luciano Serra, pilota. Msimamizi wa filamu hiyo nani? Vittorio Mussolini, mtoto wa mwenye kombe. Hapo tena kuna mashindano?

Wajumbe wa Ufaransa, Uingereza na Marekani waliondoka wamenuna. Kati yao alikuwamo Mfaransa Philippe Erlanger. Njiani, ndani ya treni ya kurudi kwao, akapata wazo: kwa nini tusianzishe tamasha letu, ambalo waamuzi hawatapigiwa simu na mkubwa yeyote? Wazo likamfikia Jean Zay, waziri wa elimu na sanaa. Huyu alikuwa kijana, maana alipewa uwaziri mwaka 1936 akiwa na miaka 31. Serikalini walikuwapo walioogopa kumuudhi Mussolini, lakini Zay hakurudi nyuma. Mji wa Biarritz nao uliitaka sherehe hiyo, lakini mwishowe Cannes ikaipata. Tarehe zikapangwa: Septemba 1 hadi 20, 1939. Louis Lumière, mmoja wa ndugu wawili walioonyesha sinema Paris mwaka 1895, akaombwa awe rais wa tamasha.

Agosti ikawa raha tupu. Mchoraji Jean-Gabriel Domergue alikwisha tengeneza bango. Meli ikaja kutoka Marekani na mastaa: Gary Cooper, Tyrone Power, Norma Shearer. Kwenye orodha ya filamu kulikuwa na The Wizard of Oz, Union Pacific na hata Lenin in 1918 ya Urusi ya Kisovieti. Ufukweni wakajenga mfano wa kanisa la Notre-Dame kwa karatasi ngumu, kuitangaza filamu ya William Dieterle, The Hunchback of Notre Dame. Kumbe Dieterle mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Hollywood.

Halafu Agosti 23 ikaja habari kutoka Moscow: Hitler na Stalin wamewekeana mkataba wa kutopigana. Aliyejua kusoma alama alielewa. Wageni wakaanza kufunga mizigo, na mahoteli yakapungua watu siku hadi siku. Filamu ya Dieterle ikaonyeshwa kwa watazamaji walioalikwa, basi. Ikawa ndiyo ya kwanza na ya mwisho. Septemba 1, siku ya kufungua pazia, jeshi la Hitler likaingia Poland. Tamasha likaahirishwa kwa siku kumi, eti hali itatulia. Septemba 3 Ufaransa ikatangaza vita, na sherehe ikafa bila kuzaliwa. Kanisa la karatasi likabaki na bahari yake.

Na yule waziri kijana? Zay alijiuzulu siku hizohizo akaenda jeshini. Ufaransa iliposhindwa mwaka 1940, serikali mpya ya Vichy ilimkamata, ikamzulia kosa la utoro na kumfunga. Kosa lake hasa lilikuwa siasa zake, na kwamba baba yake alikuwa Myahudi. Gerezani aliandika. Kurasa zake zilitolewa nje kwa siri na mkewe. Juni 20, 1944, mgambo wa Vichy walimtoa gerezani wakidai wanamhamisha, wakamuua msituni. Alikuwa na miaka 39.

Mwaka 1946 kitabu chake, Souvenirs et solitude, kilichapwa. Mwaka huohuo, Septemba 20, Cannes ikafunguliwa kweli. Mambo yalikuwa ya kubahatisha bado; mikanda ya filamu ya Hitchcock, Notorious, ilionyeshwa bila mpangilio wake. Lakini filamu 11 ziligawana zawadi kuu, mojawapo Neecha Nagar ya Chetan Anand kutoka India, nchi iliyokuwa bado koloni la Mwingereza. Mwaka 2002 Cannes ilikumbuka deni lake la 1939: waamuzi wakaketi, wakazitazama filamu za orodha ile na kuipa Union Pacific ushindi. Naye Zay alihamishiwa Panthéon, Paris, wanakozikwa mashujaa wa Ufaransa, mwaka 2015.

Mimi ninapoona picha za zulia jekundu, namfikiria Erlanger kwenye treni. Alikuwa ameona mizani imeegemezwa upande mmoja, kama sisi tunavyodhani kila tukikosa zawadi. Wengi wetu huishia kulalamika kijiweni. Yeye alifika nyumbani akatafuta mtu wa kumsikiliza, akampata Zay, na Zay hakuwahi kukaa gizani Cannes kutazama hata filamu moja ya tamasha alilolipigania.